Vizibo ishirini kwenye uzi mmoja

Najua nimepotea, nisameheni. Wiki nzima nilikuwa nafunga vizibo vya soda kwenye spoki za baiskeli, mpaka ruumeti wangu akaamini presha ya mitihani imeshanipanda kichwani. Teh teh teh.

Iko hivi. Kwa wasiojua, mimi nasomea ualimu wa fizikia, na kabla ya kwenda mashuleni huwa tunafundishana wenyewe: wenzako wanakaa kama kidato cha tatu, mhadhiri anakaa nyuma na karatasi ya maksi. Muhula uliopita niliangukia kanuni ya momenti. Nikaandika fomula ubaoni, nikapiga mfano, jibu likatoka safi. Kisha nikaning'iniza rula ndefu ya mbao kwa uzi pale pale hesabu iliposema, mizigo huku na huku. Rula ikaangukia upande mmoja. Jamaa akanyoosha mkono: "Mwalimu, mbona hesabu imekubali lakini rula imekataa?"

Nikajibu rula ni mbovu.

Darasa zima kicheko. Mhadhiri hakucheka, aliandika tu. Usiku ule sikulala vizuri. Fizikia nimekuwa nikifaulu tangu sekondari, lakini je, nimewahi kuielewa au nilikuwa bingwa wa kudesa? Na hao watoto wa watu wanaonisubiri, nao nitawaambia rula ni mbovu?

Basi nikapewa nafasi ya kurudia, ila nije na zana niliyotengeneza mwenyewe. Nikaamua kutengeneza mobaili. Siyo simu jamani! Ni lile pambo la kuning'inia darini, vijiti vimebeba vijiti vingine, kila kimoja kimelala sawa na upepo ukipita vinazunguka taratibu. Aliyevuma kwa kazi hizo ni Mmarekani Alexander Calder, aliyezaliwa 1898. Kabla ya sanaa alisomea uhandisi mitambo, akamaliza 1919, na jina hilo la mobaili alipewa na msanii mwenzake Marcel Duchamp mwaka 1931. Nilipojua mtu alianzia kwenye uhandisi nikapata moyo.

Spoki nikaenda kuomba kwa fundi baiskeli nje ya geti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Pancha?"

"Hapana mzee, naomba spoki mbovu tatu."

Akanitazama kidogo, akanipa nne. Boom lilikuwa limeisha, kwa hiyo nilishukuru mara mbili. Nikazikata zote ziwe na sentimita 30. Vizibo nikaokota kantini, na kwa kuwa sina mizani nikaamua kizibo kimoja ndiyo kipimo changu cha uzito.

Jioni nikaanza. Kizibo 1 upande huu, vizibo 2 upande ule. Hesabu ya darasani: uzito mara umbali wa huku ulingane na uzito mara umbali wa kule. Kwa hiyo uzi ufungwe sentimita 20 kutoka kwenye kile kimoja, 10 kutoka kwenye viwili. Moja mara 20, mbili mara 10. Nani atabisha? Nikafunga, nikainua... ikaangukia upande wa kizibo kimoja! Upande mwepesi! Rula yangu imefufuka.

Kwa hasira nikavua vizibo vyote nikainua spoki tupu kwa uzi ule ule. Ikaanguka tena. Hapo ndipo nikanyamaza. Hakuna mzigo hata mmoja, sasa nini kinaivuta? Spoki yenyewe. Ina uzito wake, na uzito huo unavuta kama vile umefungwa katikati, kwenye sentimita 15. Nikaipima dhidi ya vizibo: spoki moja ni kama vizibo 3. Yaani kitu nilichokisahau kilikuwa kizito sawa na mzigo wote niliouhesabu! Nikarudia hesabu nikiiweka spoki ndani. Ikatoka sentimita 17.5 kutoka kwenye kizibo kimoja. Nikasogeza uzi. Ikalala kama maji kwenye sahani. Nilipiga kelele, ruumeti akaamka.

Kosa la pili ni kwamba nilitaka kuanzia juu kushuka chini. Haiwezekani, utalia. Anza na spoki ya chini kabisa, kwa sababu ikishatulia, yote inakuwa mzigo mmoja: 1 na 2 na spoki 3, jumla 6. Hiyo sita unaitundika ncha moja ya spoki ya pili, ncha nyingine vizibo 3, uzi kwenye 18.75 kutoka kwenye hivyo vitatu. Sasa una 12. Ya tatu ikabeba hiyo 12 na vizibo 5, uzi kwenye 20.25 kutoka kwenye vitano. Jumla vizibo ishirini, vyote kwenye uzi mmoja wa darini. (Spoki zikunje kidogo ncha ziiname chini. Zikiwa zimenyooka kabisa zinabaki popote ulipoziacha, haziamui.)

Siku ya kurudia sikuandika fomula kwanza. Niliwauliza nani amewahi kumwona mtu wa mzega, ndoo moja ikivuja anafanyaje? "Anasogeza bega!" Ah, kumbe wanajua. Kisha nikavua kizibo kimoja cha chini kabisa. Spoki ya chini ikalala upande, ya pili ikafuata, ya juu nayo ikapinda. Nikawapa uzi na spoki ya nne, watafute wenyewe mahali pa kufunga. Wakapiga hesabu, wakafunga kwenye 20. Ikaanguka. Yule jamaa akaanza, "Mwalimu, mbona..." nikamwambia vua vizibo vyote, inua tena. Akainua. Alikaa kimya kama mimi usiku ule, halafu akasema polepole, "Tumeisahau spoki."

Kutoka mlangoni mhadhiri akaniuliza, "Na ile rula?"

"Ilikuwa nzima, mwalimu."

Sasa kitu kinaning'inia juu ya kitanda changu na feni haiwashwi tena humu ndani. Ruumeti amenuna.