Fyuzi Iliyokatika Mara Tatu

Mwaka wa 1994 nilikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, nikikaa na wazee wangu Magogoni, upande wa Kisauni, ng'ambo ya daraja la Nyali. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo na makuti, lakini ilikuwa na umeme. Na kwa kijana aliyependa redio kuliko chakula, huo ulikuwa utajiri mkubwa. Kwa muda wa miezi minne nilikusanya vipande kutoka katika redio zilizokufa, nikaunda kikuza sauti, chombo ambacho watu hukiita amplifaya. Dada yangu alikuwa karibu kuolewa, nami nilikuwa nimeahidi mbele ya jamaa zote kwamba taarabu ya arusi yake itasikika kwa chombo cha mkono wangu. Ahadi ni deni.

Chombo chenyewe kilikuwa hivi. Transfoma ilipunguza volti 240 za nyumbani hadi 30. Dayodi nne zikaugeuza umeme huo uende upande mmoja. Na transista mbili kubwa, za aina ya 2N3055, zikatia sauti nguvu ya kutikisa spika. Transista hizi hutoa joto jingi, kwa hiyo hufungwa juu ya bamba la aluminiamu ili joto lipate njia ya kutoka. Walakini gamba lao la chuma lina umeme ndani yake, na bamba langu lilikuwa limeungwa na upande hasi. Kati ya viwili hivi huwekwa kigamba chembamba cha ulanga, ambacho hupitisha joto na kuzuia umeme. Mlinzi wa yote alikuwa fyuzi ya ampea 2.

Usiku wa kwanza chombo kiliimba vizuri kwa muda wa nusu saa. Kisha bamba likawa moto hata mkono haukuweza kulishika, na ghafula kikanyamaza. Fyuzi ilikuwa imekatika. Nilitia nyingine usiku wa pili, nayo ikakatika vilevile. Na ya tatu ikafuata. Nilikasirika. Niliona kwamba fyuzi ndiyo adui yangu, kwani kila nilipofanikiwa ndiyo iliyonikatiza. Usiku wa nne nilichukua karatasi ya fedha kutoka katika pakiti ya sigara, nikaizungusha juu ya fyuzi iliyokufa, nikairudisha mahali pake. Sikumwambia mtu.

Baada ya nusu saa sauti ikakatika kama kawaida, lakini safari hii transfoma ilianza kunguruma. Nilisikia harufu ya rangi inayoungua, nikaona moshi ukipanda polepole kuelekea makuti. Nyuma ya ukuta alilala nyanya yangu pamoja na ndugu yangu mdogo. Niliing'oa plagi kwa mikono iliyotetemeka.

"Mjukuu wangu," nyanya aliita, "ni kitu gani kinachoungua?"

"Si kitu, nyanya. Lala," nilijibu.

Asubuhi nilikichukua chombo changu hata Kongowea kwa fundi mmoja mzee wa redio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nione fyuzi yako."

Hakuuliza habari ya sauti wala ya arusi. Alipoiona karatasi ile alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Shahidi alisema kweli mara tatu, nawe ukamziba kinywa."

Alinieleza kwamba umeme ukiongezeka mara mbili katika waya, joto lake huongezeka mara nne. Ni kanuni ambayo James Prescott Joule wa Uingereza aliitangaza mwaka wa 1841. Uzi wa fyuzi hufanywa mwembamba kwa makusudi, upate kuyeyuka kabla ya nyaya nyingine kudhurika. Mimi nilikuwa nimeuondoa ule ulio dhaifu, na transfoma ikaungua badala yake.

Kisha alifungua nyaya za transista, akaweka ncha moja ya mita juu ya gamba na ya pili juu ya bamba. Mshale haukutikisika. Nilidhani hapana kosa hapo. Mzee akamwomba mkewe pasi ya mkaa, akaiegemeza juu ya bamba. Lilipopata moto, mshale uliruka. Tulipoifungua transista tuliona, ukingoni mwa tundu nililolitoboa mwenyewe, ncha ndogo kama mwiba wa samaki. Ilikuwa imeutoboa ulanga, na chuma kilipotanuka kwa joto ikaligusa gamba. Ndiyo sababu fyuzi haikukatika ila chombo kilipokuwa moto.

Tulilainisha tundu kwa tupa, tukaweka ulanga mpya uliopakwa grisi nyeupe pande zote mbili, na bamba kubwa zaidi. Dayodi mbili zilikuwa zimeungua, na transfoma nyingine niliinunua kwa fedha niliyoweka ya viatu vya shule. Kabla ya kukiwasha chombo, fundi alipitisha umeme wake kwanza katika globu ya wati 60. "Ikiwaka sana," alisema, "bado kuna kosa." Ilimeta mara moja, kisha ikafifia. Ndipo akatia fyuzi ya ampea 2.

Arusini chombo kiliimba mpaka karibu na alfajiri, na bamba lilikuwa na uvuguvugu tu. Lakini siku moja kabla yake nilikwenda kwa nyanya, nikamwambia kweli yote.

"Nilijua, mjukuu wangu," alisema. "Tangu usiku ule sijapata usingizi. Nakaa macho nikinusa."

Maneno hayo yaliniuma kuliko hasara ya fedha. Wazee wetu husema mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi niliyaficha mara mbili: mara ya kwanza kwa karatasi ya fedha, na mara ya pili kwa ulimi wangu, na gharama ya ule uongo wa pili mwanamke mzee aliilipa kwa usingizi wake. Tangu siku hiyo, fyuzi ikikatika mikononi mwangu, siitafuti nyingine kabla sijatafuta sababu.