Barafu ya Mama

Nilizaliwa mahali ambapo barafu ilionekana kila alfajiri na haikuguswa na mtu. Nyumba yetu ilikuwa ndani ya kihamba cha migomba na kahawa, upande wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, na kilele cha Kibo, chenye kimo cha mita 5,895, kilisimama juu ya paa letu kama mzee aliyevaa kilemba cheupe; lakini mimi na ndugu zangu tulifika umri wa kwenda shule kabla hatujapata kuonja ubaridi wa namna ile. Nakusudia kueleza jinsi barafu ilivyoingia nyumbani kwetu, na jinsi wiski ya baba, ambayo hapo kwanza ilikuwa siri ya mtu mmoja, ilivyokuwa sababu ya jamaa nzima kuketi pamoja. Msomaji ambaye dini yake imeharamisha kileo, natumaini, hatanilaumu, maana habari hii ni ya jamaa zaidi kuliko ya chupa.

Zamani za babu yangu kileo kilikuwa mbege, iliyopikwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, ikatiwa uchungu wa gome la msesewa, na kazi yake ilimaliza siku nyingi za mikono ya wanawake. Aliyeiandaa aliionja kwanza mbele ya wageni ili kuwatoa shaka, kisha kata ikapita kutoka kwa mkubwa kwenda kwa anayemfuata kwa utaratibu usiovunjwa, na hata mtoto aliyetumwa kuijaza alijua zamu ya nani imefika. Mbege haikuwezekana kufichwa wala kuwekwa akiba; ilichacha kwa siku chache tu, na kwa hiyo ilikuwa lazima inywewe na wengi, tena upesi, tena hadharani.

Wiski ni kileo cha tabia nyingine. Waskochi, ambao katika lugha yao ya Kigaeli waliipa jina lenye maana ya maji ya uhai, huipika kwa kimea cha shayiri, wakaukusanya mvuke wake, na sheria haiwaruhusu kuiita kwa jina la nchi yao mpaka ilale ndani ya mapipa ya mwaloni miaka isiyopungua 3. Ikiisha kutiwa chupani haichachi wala haiozi. Yaweza kufungiwa kabatini mwaka mzima, na mwenye ufunguo ndiye mwenye kinywaji.

Kwetu ilikuja kwanza kwa sura ya marufuku. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulianza kuzuia vileo vikali katika eneo kubwa la Afrika baina ya nyuzi 20 za kaskazini na nyuzi 22 za kusini. Mkataba wa Saint-Germain-en-Laye wa mwaka 1919 ukakaza kamba hiyo. Na serikali ya Waingereza katika Tanganyika ikaifuata, ikimwachia Mzungu bilauri yake na kumnyima Mwafrika. Baba, ambaye katika ujana wake alikuwa mpagazi katika stesheni ya Moshi, alitusimulia mara nyingi jinsi alivyobeba begani masanduku yenye chupa 12, hali yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kununua chupa 1. Hakusimulia kwa hasira. Alisimulia kwa sauti ya mtu anayetaja uzito wa mzigo alioutua zamani, lakini bega lake bado linaukumbuka.

Uhuru ulipofika, tarehe 9 Desemba 1961, kizuizi kile kilikuwa kimekwisha kuondolewa, na baba, ambaye sasa alikuwa na mikahawa yake na kuuza mavuno kwa chama cha ushirika, alikwenda mjini akanunua chupa ya pembe nne yenye karatasi iliyobandikwa mshazari. Aliifungia katika kabati la sebuleni. Usiku, alipodhani sote tumelala, alitoa ufunguo mfukoni, akamimina kidogo, akanywa kavu hali amesimama, kama mtu anayemeza dawa, kisha akafunga. Nimelifikiri jambo hili kwa miaka mingi, na naamini kwamba sheria ile iliyokwisha kufa ilikuwa ingali hai mkononi mwake: alikunywa mali yake halali kwa hadhari ya mtu anayechelea kukutwa. Mama, Mlutheri wa dhati ambaye kileo hakikupata kugusa midomo yake, hakusema neno. Ila kila asubuhi alipoikuta bilauri ile, aliiosha peke yake, mbali na vyombo vingine.

Mambo yalianza kugeuka mwaka 1966, wakati baba, baada ya msimu wa neema, alipoleta jokofu la mafuta ya taa. Umeme ulikuwa haujafika mlimani kwetu, na majirani walikuja kutazama kwa macho yao moto unaozaa baridi. Chombo cha namna hiyo kilibuniwa mwaka 1922 na wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters: taa ndogo iliyo chini huchemsha maji yenye amonia, mvuke wa amonia hupanda, hupoa ukawa majimaji, kisha huvukizwa tena ndani ya mabomba, na katika kuvukizwa huko huvuta joto lililomo sandukuni. Hakina gurudumu wala sauti. Kina masharti, hata hivyo, kama bibi harusi: lazima kisimame sawasawa pasipo kuinama, na utambi wake ukatwe vizuri ili mwali uwe wa buluu, kwa maana ukiwa wa manjano hutoa masizi na ubaridi hupotea. Mama alijifunza elimu hiyo yote kwa siku tatu, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuushika utambi ule isipokuwa yeye.

Hapo ndipo penye kiini cha kumbukumbu yangu. Wiski ilikuwa sebuleni, katika milki ya baba. Barafu ilikuwa jikoni, katika milki ya mama. Baba aliyekuwa amewaona Wazungu wakitia barafu katika bilauri zao alitamani kufanya vivyo hivyo, na kwa mara ya kwanza katika jambo la kileo ikamlazimu kuomba. Nakumbuka jioni alipokuja mpaka mlango wa jikoni, akasimama nje ya kizingiti.

"Mama, barafu imeganda?"

"Bado, Baba. Na usiku silifungui jokofu. Joto likiingia, kesho hatutakuwa na kitu. Barafu hutoka magharibi, baada ya chakula, wote wakiwapo."

Sijui kama mama alijua alilolitenda kwa maneno yale machache. Sinia dogo la aluminiamu lilikuwa na vyumba 14, na vipande vile viligawiwa kama nyama ya sikukuu: viwili vya baba, kimoja kwa kila mtoto ndani ya maji ya matunda, viwili vya mama katika soda yake ya tangawizi, na vilivyosalia vya mgeni au vya jirani mwenye homa. Baba hakuweza tena kunywa usiku, wala kusimama. Aliketi. Ufunguo ulianza kukaa juu ya meza, na baada ya mwaka mmoja au miwili hatukuuona tena, kwa sababu kabati halikuwa na haja ya kufungwa.

Tulijifunza mengi katika bilauri ile. Barafu ilipoguswa na wiski ilialika kwa sauti ndogo, nasi tulinyamaza ili tuisikie. Kinywaji kilichokuwa angavu kama asali changa kilishikwa na ukungu, na siku ya kwanza baba alidhani ameuziwa chupa iliyochanganywa maji, mpaka rafiki yake alipomweleza kwamba ni mafuta membamba ya asili ya wiski yenyewe, ambayo baridi huyafanya yaonekane. Harufu nayo ilifungwa na baridi. Kisha kadiri barafu ilivyoyeyuka ilifunguka taratibu, kwanza moshi, halafu mbao, mwisho kitu kama zabibu zilizokauka. Baba alitupitishia bilauri tunuse, kuanzia mkubwa hadi mdogo, naye akanywa wa mwisho. Kipimo chake kilikuwa toti mbili, hakikuzidi, na zilidumu saa nzima, na saa hiyo ndiyo iliyotupa habari za stesheni, za babu, za vita na za ukoo. Bila barafu ile tungalirithi mashamba yake na kuikosa sauti yake.

Ithibati ya jambo hili ilikuja wakati wa dhiki. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 bidhaa zilitoweka madukani, sabuni na sukari zikawa za foleni, na wiski ikawa kitu cha kusimuliwa. Mama alizijaza chupa zile za pembe nne maji yaliyochemshwa, akazipanga katika jokofu, na mafuta ya taa yalipopatikana kwa shida, barafu ilikuwa ya Jumapili tu. Hata hivyo kila Jumapili magharibi baba alitia vipande vyake viwili katika maji matupu, akaizungusha bilauri, akasubiri, akasimulia. Hakuna aliyeondoka mezani.

Leo naishi Dar es Salaam, na nyumba yangu ina umeme na mashine inayoshusha joto hadi nyuzi 18 chini ya sifuri, ambamo binti zangu huilaza chupa nzima. Haigandi, kwa sababu ya ukali wake, lakini hutoka nzito kama mafuta. Mmoja wao hunywa, mwingine hapendi, na hakuna anayejificha. Hilo nalishukuru kwa moyo wote. Lakini barafu iliyopo saa zote haimwiti mtu. Kila mmoja huchota yake kwa wakati wake, akaenda chumbani, na baridi iliyotukusanya zamani sasa yatosha kila mtu peke yake.

Ndiyo maana Desemba twapanda mlimani, kama Wachaga wenzetu wengi wapandavyo wakati wa Krismasi. Kilemba cha Kibo kimebaki vitambaa. Zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo mwaka 1912 imekwisha kutoweka. Lakini sinia la aluminiamu lingalipo, ndani ya jokofu la umeme, na mama, ambaye macho yamepungua na amri haikupungua, angali haruhusu litolewe kabla ya magharibi. Binti yangu husimama nje ya kizingiti akauliza, "Bibi, barafu imeganda?" naye hujibiwa vile vile alivyojibiwa babu yake.

Tukiisha kuketi, na bilauri zikabaki na maji baridi tu, mama huyakusanya yote katika kikombe kimoja, ya wiski na ya tangawizi pamoja, akatoka kwa fimbo yake mpaka migombani, palipo na kaburi la baba, akayamimina polepole juu ya masale yaliyopandwa kichwani pake. Tambiko hataki kulisikia. Husema anamwagilia tu.