Nywele Zetu Si Ngumu, Zina Kiu

Wasichana wengi wanafika kwenye kikundi chetu hapa Kisenyi wakiwa wameshaambiwa nywele zao ni ngumu, waweke dawa. Dawa inataka pesa, na inaunguza. Sisi Jumamosi tunakaa chini, tunasukana.

Wasomali wanaleta qasil, unga wa majani ya mkunazi, tunaoshea. Mafuta ya shea yanatoka kaskazini mwa Uganda; Waacholi wanayaita moo yaa. Ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, hata jiko halihitajiki: unayaponda kwa kijiko na mafuta ya nazi kidogo.

Lakini shea haileti maji, inayafungia tu. Kwa hiyo paka nywele zikiwa na unyevu, kidogo kidogo, halafu suka. Anayevaa hijabu angoje zikauke kwanza, maana unyevu uliofunikwa unaleta muwasho.

Kusuka kunachukua saa mbili, wakati mwingine tatu. Hapo ndipo Mkongo na Msomali wanaambiana mambo ambayo hawajawahi kuyaandika kwenye fomu yoyote. Ndugu zetu wa mashirika, mkija Jumamosi, acheni fomu. Njooni na kitana.