Mdororo umeisha, daftari bado

Reading, Uingereza
Oktoba 2024

Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti nimeupata. Umeuliza jambo ambalo nadhani watu wengi wa Kihonda, hapo Morogoro, wenye ndugu huku wanajiuliza ila wanaona haya kulisema: redio imetangaza kwamba Uingereza imetoka kwenye mdororo wa uchumi, mfumuko wa bei umeshuka, mishahara imepanda, sasa mbona hela ya mabati ya kuezekea nyumba haijaingia? Umeuliza kwa upole wako ule ule, lakini kwetu Waluguru mjomba akiuliza, mpwa hajibu kwa neno moja. Nami nimekaa nikujibu.

Redio haikudanganya. Februari mwaka huu ofisi ya takwimu ya huku ilitangaza kwamba uchumi ulisinyaa robo mbili mfululizo mwishoni mwa 2023, asilimia 0.1 kisha 0.3, na kwa desturi ya wachumi robo mbili mfululizo ndiyo mdororo. Mei wakatangaza kwamba robo ya kwanza ya 2024 uchumi ulikua kwa asilimia 0.6. Mdororo ukaisha hivyo, kwenye karatasi, kabla wengi hawajajua kwamba ulikuwa umeanza.

Kilichotuumiza ni kingine, nacho kilitangulia. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika asilimia 11.1, kiwango ambacho nchi hii haikuwa imekiona kwa miaka kama 40. Mwezi uliopita umekuwa asilimia 1.7. Ndugu wakisikia hivyo wanadhani bei zimeshuka. Hazijashuka. Zimeacha kukimbia, sasa zinatembea, lakini zinatembea kule kule juu zilikofika. Wewe muuza duka, hili hufundishwi. Mwanzoni mwa mwaka huu sukari ilipoadimika, mvua za El Niño zikiwa zimewakwamisha wazalishaji, hata ninyi mnaoishi mkoa mmoja na viwanda vya sukari vya Kilombero na Mtibwa mliinunua kwa bei ya kutisha, Serikali ikatoa bei elekezi. Mteja wako alifurahi lini: siku sukari ilipoacha kupanda, au siku iliposhuka?

Waziri Mkuu wa wakati ule, Rishi Sunak, alidhani ni ile ya kwanza. Juni takwimu zikamletea mfumuko wa asilimia 2 kamili, shabaha yenyewe ya Benki Kuu yao. Tarehe 4 Julai watu wakaenda kupiga kura wakamwondoa.

Huku kuna kampuni ya utafiti iitwayo GfK ambayo kipimo chake cha imani ya walaji kimekuwepo tangu 1974. Kila mwezi wanauliza watu wapatao 2,000 maswali matano. Hali ya fedha ya kaya yako ikoje ukilinganisha na mwaka jana? Mwaka ujao je? Uchumi wa nchi ulikuwaje, utakuwaje? Na je, huu ni wakati mzuri wa kununua kitu kikubwa, yaani friji, kochi, televisheni? Wanatoa majibu mabaya kwenye mazuri, kinachobaki ndiyo alama. Septemba 2022 alama ilikuwa -49, ya chini kuliko zote tangu waanze. Ikapanda taratibu, Agosti mwaka huu ikawa -13. Tukaanza kupumua. Septemba ikaporomoka hadi -20.

Ilikuwaje? Tarehe 27 Agosti Waziri Mkuu mpya, Keir Starmer, alisimama bustanini kwenye makazi yake akawaambia wananchi kwamba mambo yatakuwa mabaya zaidi kabla ya kuwa mazuri, na kwamba bajeti ya Oktoba itauma. Ni kweli kwamba mwezi mmoja nyuma Serikali ilikuwa imetangaza kuwaondolea wastaafu wengi posho ya kupashia nyumba joto. Lakini mimi mfanyakazi sikuwa nimekatwa hata senti, na hakuna bei iliyopanda kwa hotuba. Hata hivyo pale kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, wenzangu wawili waliokuwa wakitazama makochi kwenye simu wakati wa chai wakaacha kutazama.

Wewe uliyaona haya kabla sijazaliwa. Baada ya vita vya Kagera Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, nawe ulinisimulia kwamba waliosikia vizuri walitoka pale redioni moja kwa moja kutafuta sukari ya kuficha chini ya kitanda. Miezi 18 ikawa miaka. Rafu za maduka ya umma ya RTC tupu, sabuni kwa mgawo, unga wa njano wa Yanga mezani kwa watoto. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Sokoine akawaandama wahujumu uchumi na wenye maduka wakalala macho wazi. Halafu 1984 milango ikaanza kufunguliwa, wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuingiza bidhaa, mitumba ikarudi. Mwaka 1986 Rais Mwinyi, Mzee Ruksa, akakubaliana na IMF, dola iliyokuwa chini ya shilingi 20 ikawa kama shilingi 40.

Kwenye vitabu, hapo ndipo Tanzania ilipoanza kupona. Lakini wewe na mama mkiisimulia miaka ile hamkuwahi kuisimulia kama uponaji. Mlisema zamani hela ilikuwepo kitu hakipo, kisha kitu kikawepo hela haipo. Mshahara wa mwezi ulikwisha wiki ya kwanza, mtumishi akafuga kuku, mwalimu akauza maandazi. Na kile kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili kitoe jozi milioni 4 kwa mwaka na kuuza Ulaya, hakikufika hata sehemu ya kumi ya lengo. Nani angekuwa na imani ya kununua kitu kikubwa?

Ndiyo maana nasema GfK wangekuwa na akili wangekuja kukaa kwenye benchi la duka lako. Wewe huna maswali matano. Unatazama mtu anaomba mafuta ya kupima au chupa nzima, sukari robo au kilo, sabuni kipande au mche. Unatazama daftari la madeni: majina yanaongezeka au yanafutwa? Aliyeandikwa anapita mbele ya duka akasalimia, au anazungukia uchochoro wa nyuma? Huku napo alama hizo zipo ukijua pa kuzitazama. Septemba 2022 Aldi, duka la bei nafuu, liliipita Morrisons likawa la nne kwa ukubwa nchini. Wenzangu waliohamia maduka hayo mwaka ule hawajarudi walikotoka, ingawa kima cha chini cha mshahara kimepanda Aprili kutoka pauni 10.42 kwa saa hadi 11.44. Jioni bado wanasubiri muda wa bidhaa kubandikwa karatasi ya njano ya punguzo. Nami nipo nao kwenye foleni hiyo, usicheke.

Lakini si woga tu. Kuna deni linalofika kwa kuchelewa, na hili ndilo ningependa ulielewe kuliko yote. Watu wa huku hawajengi kama sisi, tofali leo, lenta mwakani. Wananunua nyumba iliyokwisha kwa mkopo wa miaka 25 au 30, na wengi hukubaliana na benki riba isibadilike kwa miaka miwili au mitano ya mwanzo. Riba ya Benki Kuu ilikuwa asilimia 0.1 hadi Desemba 2021. Agosti 2023 ilikuwa 5.25, na mwaka huu imeshuka hadi 5 tu. Sasa mtu aliyefunga riba yake mwaka 2021 kwa miaka mitano, hiyo misukosuko yote anaisikia kwa jirani. Itamfikia yeye 2026, siku mkataba utakapokwisha, wakati redio imeshasahau. Na mpangaji je? Mwenye nyumba wangu mkataba wake na benki ulikwisha mwaka jana. Barua ya benki kwake ikawa barua yake kwangu, na kodi ikapanda.

Umeme nao una kisa chake. Sisi LUKU ni ya wote, tajiri na maskini wanaingiza namba. Huku mita ya kulipia kabla kwa miaka mingi imekuwa ya maskini, na walikuwa wakiuziwa kwa bei ya juu kuliko anayelipa mwisho wa mwezi. Bei kikomo ya mwaka ya umeme na gesi kwa nyumba ya kawaida ilikuwa pauni 1,277 majira ya baridi ya 2021. Kuanzia mwezi huu ni 1,717. Mwaka 2022 ingefika 3,549 kama Serikali isingeingilia kati ikaizuia kwenye 2,500. Wapo waliopita kipindi kile kwa kadi za mkopo, na ndizo wanazolipa leo. Kwa hiyo mshahara ukipanda, nyongeza haiendi dukani, inakwenda kwenye shimo la juzi.

Mjomba, baada ya mdororo wa 2008 nchi hii ilikuwa na kausha damu wake, wakopeshaji wa riba ya kunyonya. Maarufu kuliko wote aliitwa Wonga: unakopa kwa simu, hela inaingia kabla chai haijapoa, riba inakula usingizi. Ilibidi mamlaka inayosimamia huduma za fedha mwaka 2015 iweke ukomo, riba na ada zisizidi asilimia 0.8 kwa siku, na Wonga yenyewe ikafilisika 2018. Asilimia 0.8 kwa siku, na hiyo ndiyo iliyoitwa nafuu. Nakutajia kwa sababu umenihadithia akina mama wa mtaani kwako wanaonyang'anywa makochi na mitungi ya gesi kwa mikopo ya aina hiyo hiyo, na wewe mwenyewe umegusia, kama utani, kwamba yupo kijana mwenye ofisi karibu na stendi ya Msamvu anayeweza "kutusogeza" kwenye mabati.

Alikuwepo mtaalamu aliyezaliwa Hungary, George Katona, aliyeanzisha vipimo hivi vya imani ya walaji kule Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mara baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Alisema mtu hanunui kwa sababu ana hela tu. Kuna uwezo wa kununua na kuna utayari wa kununua. Nikiwaza maneno hayo naona kwamba nyumba zetu mbili zimegawana vibaya. Huku Reading uwezo umeanza kurudi, utayari umejificha. Huko Kihonda utayari umejaa tele. Treni ya umeme inashusha watu hapo hapo Kihonda tangu Juni, Dar es Salaam kwa shilingi 13,000, viwanja unasema havishikiki, kila mwenye boma anaota wapangaji. Uwezo ndio unatafutwa kwa kausha damu. Kati ya hizo mbili, ile ya kwenu ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mwoga wa Reading atachelewa kununua kochi. Mwenye imani wa Kihonda anaweza kupoteza kiwanja.

Na kuna kitu maswali ya GfK hayakifikii. Wanapouliza hali ya fedha ya kaya yako, mimi nijibu ipi? Mwaka 2022 nilipigwa pande zote. Huku gesi, huko nauli na mafuta ya kula vilipanda baada ya vita vya Ukraine kuanza, na binamu yangu mtumishi, aliyeshangilia ile nyongeza ya mshahara ya asilimia 23.3 iliyotangazwa Mei, aliona Julai kwamba nyongeza hiyo nono ilikuwa ya kima cha chini, yeye akaambulia ya kununulia vocha. Mwaka mmoja kabla, tozo za miamala zilikuwa zimeanza kumega kila nilichotuma. Ada, dawa za bibi, msiba wa kule kijijini Matombo: kote huko ni kaya yangu, na hakuna mtafiti anayepiga simu Matombo.

Basi, kuhusu mabati. Bajeti ya huku inasomwa tarehe 30 na nataka niisikie kwanza, maana wameshatuonya kwamba itauma. Ikipita salama, Novemba nitatuma ya mbao za kupaulia, mbao tu, na uzinunue zilizokauka. Januari haiguswi, ni ya ada. Mabati yatakuja Februari, tuwahi kabla ya masika. Niulizie bei ya geji 28 maduka mawili matatu pale mjini, uniambie kila moja, si ya rafiki yako peke yake. Kwa sasa funika juu ya kuta kwa turubai, vuli isije ikala lenta. Fundi mpe ya nauli, usimpe ya kazi. Na yule kijana wa Msamvu mwambie mpwa wako amekataa. Nitupie lawama zote mimi, niko mbali, hawezi kunifuata.

Msalimie mama na wote wa Maghorofani. Niandikie pia jinsi daftari lilivyo mwezi huu, wangapi wamefutwa.

Mpwa wako