Farasi wa Mpwa Wangu

Mpwa wangu ana miaka 7. Tangu kuzaliwa miguu yake ni migumu, nayo hupishana kila ajaribupo kusimama. Jioni moja nilimsimulia habari za Lis Hartel, mwanamke wa Denmark. Mwaka 1944 ugonjwa wa polio ulimpooza, na miguu yake chini ya magoti haikupata nguvu tena. Walakini alirudi kwenye farasi, na mwaka 1952, huko Helsinki, akapata medali ya fedha katika Michezo ya Olimpiki, ingawa ilimpasa kusaidiwa kupanda na kushuka. Mtoto akanitazama, akasema: “Mjomba, na farasi wangu yuko wapi?”

Nilikwenda kumwuliza mtaalamu wa mazoezi ya viungo amtunzaye. Hakunicheka. Alinieleza kwamba farasi atembeapo polepole huisogeza nyonga ya mpandaji karibu sawa na ya mtu atembeaye kwa miguu yake. Hivyo kiuno na mgongo hujifunza kujishikiza. Kisha akanihesabia vizuizi. Sehemu nyingi za Kongo zina mbung’o, na ugonjwa wa nagana huua farasi. Farasi hula kila siku, wagonjwa waje wasije. Tena lazima awe mpole, aliyezoezwa asishtushwe na magongo wala kelele. Wala si kila mgonjwa afaaye kupandishwa: mwenye nyonga iliyoteguka aweza kuumia zaidi. Mwisho, mtoto mmoja mara nyingi huhitaji watu watatu: mmoja humwongoza farasi, wawili hutembea ubavuni, na juu yao mtaalamu aliyefundishwa kazi hiyo hasa.

Nilirudi nyumbani kwa huzuni. Njiani neno moja lilinichoma moyo: watu watatu kwa mtoto mmoja! Nasi jamaa wote, tulio wengi, tulikuwa tumemwachia mama yake peke yake mazoezi ya kila siku.

Tangu siku ile mambo yamebadilika. Mtaalamu alitufundisha kumpakatisha mtoto juu ya godoro lililoviringishwa, mguu huku na mguu huku. Mimi hukaa nyuma yake, binamu zake wawili ubavuni. Godoro si farasi, halitembei. Wala sitaacha kumtamania farasi wa kweli. Lakini mpwa wangu amelipa jina, na kila jioni hutuamuru kwa sauti kuu: “Twendeni!”

Wazee walisema kweli: mkono mmoja haulei mwana.