"Yaishe" Kabla Hata Hayajasemwa

Kuna neno ambalo sisi wanandoa tunalipenda kupita kiasi: "Yaishe." Mmenuniana tangu asubuhi, jioni mwenzio anakuja na soda ya baridi, anakaa pembeni yako: "Mama watoto, yaishe basi." Na wewe, kwa vile ni Mkristo na kesho Jumapili mnatakiwa kanisani, unajibu haya, yameisha. Yameisha yapi? Hata kutajwa hayajatajwa!

Kwangu lilikuwa deni. Mume wangu alikopa kazini shilingi milioni 3 bila kunieleza, akampa rafiki yake wa biashara, rafiki akazima simu. Nilikuja kujua kwa karatasi ya mshahara. Kabla sijauliza swali la pili nikaambiwa yaishe, Mungu atatupa nyingine. Nikalibeba jibu hilo hadi Kasulu, nilikokwenda kumsalimia shangazi.

Shangazi hakunihubiria. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, akanipa kisa chake. Jirani aliwahi kuvuna usiku kwenye shamba lake. Wazee wa kanisa wakaja kumwomba asamehe tu, asihoji. Akagoma mpaka jirani mwenyewe atamke amechukua kiasi gani.

"Akasema debe tatu. Basi nikamsamehe debe tatu. Ulitaka nisamehe nini, mwanangu, hewa?"

Hakulipwa hata moja, na jirani huyohuyo ndiye aliyemsindikiza hospitali siku alipougua. Ila ufunguo wa ghala shangazi anakaa nao mwenyewe.

Hebu fungua Mathayo 18. Wahubiri wa harusi hupenda kukimbilia pale Petro anapouliza asamehe mara ngapi, akajibiwa sabini mara saba. Sawa. Lakini aya chache juu yake, sura hiyohiyo, Yesu anaelekeza kwamba ndugu yako akikukosea umwendee umwambie kosa lake, mkiwa wawili tu. Wawili tu, jamani! Si kwenye kikao cha mashemeji, wala kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Wapo majirani wa huku kwetu walioyapitia haya kwa gharama ambayo mkopo wangu hauwezi hata kutajwa mbele yake. Ukitoka Kasulu ukapanda hadi Kibondo, ng'ambo ya mpaka ni Burundi, na huko kuna mji wa Ruyigi. Tarehe 24 Oktoba 1993, Marguerite Barankitse, mama Mkatoliki aliyekuwa akifanya kazi kwa askofu, alikuwa amewaficha Wahutu kwenye makazi ya askofu. Waliovamia walikuwa Watutsi, kabila lake mwenyewe. Wakamfunga, wakaua watu 72 mbele ya macho yake. Akabaki na watoto 25. Kuanzia hapo akajenga Maison Shalom, nyumba iliyolea maelfu ya watoto wa pande zote mbili.

Kama kuna mtu aliyesamehe, ni huyu. Lakini huruma yake haikumfumba mdomo. Mwaka 2015, Serikali ya Burundi ilipowakandamiza waandamanaji, alipinga hadharani, ikabidi akimbilie Rwanda. Mwaka huohuo Warundi walimiminika Kigoma, na kambi ya Nduta pale Kibondo ikafunguliwa upya.

Niliporudi Dar nilisubiri watoto walale, nikazima televisheni. Nikamwambia mume wangu nimekuja kusamehe, ila anitajie hesabu kwanza. Haikuwa rahisi! Alizunguka weee, mara riba, mara huyo rafiki alikuwa na shida ya mgonjwa. Mwisho akataja. Haikuwa milioni 3, ilikuwa 4 na laki mbili.

Nikalia kidogo. Halafu tukachukua daftari la shule la mtoto, ukurasa wa nyuma, tukaandika makato ya kila mwezi. Kadi yake ya benki sasa inakaa kwenye kabati letu, na yeye mwenyewe ndiye aliyependekeza. Yule rafiki hatujui alipo. Namba yake bado ninayo, na siku mojamoja naipiga.