Blanketi la Jokofu

Anayelisikia jina la Sachangwan aghalabu hukumbuka moto. Tarehe 31 Januari 2009 lori la mafuta liliwaka hapo, kando ya barabara kuu ya kutoka Nakuru kuelekea Eldoret, na watu zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Sisi tuliolelewa huko tunaijua Sachangwan kwa jambo jingine pia, nalo ni baridi. Mwezi wa Julai ukungu hulala mashambani hadi jua lipande, na usiku usio na mawingu huweza kuacha sakitu juu ya majani. Ndiyo maana wenzangu chuoni waliotoka Mombasa walicheka niliposema mama ana jokofu. Walitaka kujua linapoza nini.

Nami, mpenzi msomaji, sikuwa na jibu hadi Ijumaa moja ya Julai 2024. Yapata saa tatu usiku mkaratusi uliangukia nyaya za umeme, kijiji kizima kikazama gizani. Ndani ya jokofu mlikuwa na lita 12 za maziwa ambayo mama huwauzia wenye mikahawa ya barabarani, bakuli la mchuzi wa kuku, na chupa mbili za insulini ya baba. Juu, kwenye friza, mlisongamana kilo 15 za nyama ya uchumba wa dada yangu uliotarajiwa wiki iliyofuata. Nyama hiyo ilinunuliwa kwa mkopo wa chama cha akina mama. Ikioza, mama angeaibika mara mbili: mbele ya wakwe na mbele ya chama.

"Mama, tutoe kila kitu barazani," nilishauri. "Usiku wenyewe ni jokofu tosha."

"Na kesho saa saba, jua likiwaka, utalipeleka wapi hilo jokofu lako?"

Sikuwa nimefikiria hilo. Wala sikuwa nimefikiria paka na mbwa wa jirani, wala sakitu yenyewe: insulini ikiganda huwa imeharibika, hata ikija kuyeyuka baadaye. Mama akaenda chumbani, akarudi na blanketi zito la kitandani mwake, kisha akaniamuru nimsaidie kulifunika jokofu. Nilicheka.

"Blanketi si litaitia nyama joto?"

"Wewe unafunikwa kwa kuwa una joto lako. Hiyo nyama ina joto gani?"

Mimi ndiye msomi wa lugha katika nyumba ile, na ni lugha iliyokuwa imenipotosha. Tunasema blanketi hutia joto, koti huleta joto, na kwa vitenzi hivyo tunalipa blanketi kazi ambayo haliifanyi. Blanketi halina moto wowote. Hulizuia joto lisipite, liwe linatoka au linaingia. Mama aliyajua hayo kutokana na jiko kapu, lile kapu lililosheheni nguo kuukuu ambamo chama chao kiliwafundisha kutia sufuria ya githeri iliyokwisha kuchemka ili iendelee kuiva bila kuni. Kapu lilelile, aliniambia, halijui lililotiwa ni la moto au la baridi.

Kwa upande mwingine, neno jokofu lilinipendeza zaidi usiku ule. Masikio yangu husikia ndani yake joko, mahali pa kuchomea vyungu, na ufu. Ni joko lililokufa. Na kweli, jokofu halitengenezi baridi. Huchukua joto la ndani na kulitupa nje. Ukiligusa nyuma wakati linafanya kazi, utalikuta joto hilo.

Kabla ya kulifunika tulilifungua mara moja tu, kwa haraka, kila mmoja akijua anachochukua. Maziwa yalitoka yote. Mama aliyachemsha kwa kuni, akayaacha yapoe, akayamimina katika vibuyu, ile sotet ya Wakalenjin, alivyokuwa amevisugua ndani kwa makaa ya mti wa senetwet. Yangekuwa mursik, na mursik haidai umeme. Insulini ilifungwa kwa kitambaa, ikatiwa katika jiko kapu pamoja na kipande cha barafu ndani ya mfuko, ila visigusane. Nilipendekeza mtungi wenye maji, kama wa Pwani, nikajikosoa mwenyewe: mtungi hupoza kwa kutoa jasho, na katika ukungu wa Sachangwan jasho halikauki.

Mchuzi tuliusahau.

Baada ya hapo kazi ilikuwa kutofungua. Jokofu lisilofunguliwa hutunza baridi yake kwa muda wa saa 4 hivi. Friza iliyojaa, saa 48. Iliyojaa nusu, 24. Ni rahisi kusema. Nilinyoosha mkono mara tatu Jumamosi ile "kuangalia tu", na mara tatu mama akanikohoa. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipopotea karibu nchi nzima, nilikuwa Nakuru nikifungua jokofu la chumba chetu kila saa ili kuhakikisha baridi ingalimo, na kwa kuhakikisha huko nikaimaliza.

Umeme ulirudi Jumapili saa kumi jioni, baada ya saa 43. Mama aliufungua mlango wa friza polepole. Nyama ilikuwa na chembe za barafu kila mahali, ngumu katikati, hivyo ingeweza kugandishwa tena. Akakaa juu ya kigoda bila kusema neno.

Mchuzi wa kuku haukuwa na harufu mbaya, na mama alitaka kuupasha moto. Hapo ndipo nilipokataa mimi: vijidudu vinavyomlaza mtu hospitalini si lazima vibadilishe harufu wala ladha ya chakula. Aliutazama sana kabla ya kuumwaga shimoni.

Usiku ule alilirudisha blanketi kitandani. Baba alijifunika, akaruka, akauliza kwa nini lilikuwa baridi hivyo.